Sauti ya dijitali kwenye redio ya ridhaa: mwongozo kamili wa kuanza na DMR na hotispoti ya nyumbani

Mara yangu ya kwanza kurusha sauti kwa DMR, mmoja wa mifumo ya redio ya dijitali, nilimwamkia mzee mmoja aliyenitangulia miaka mingi katika mambo haya ya redio. Nikabonyeza PTT, kile kitufe cha kuongea, na papo hapo nikasema, "Shikamoo mzee." Kukawa kimya kidogo, halafu akanijibu huku akicheka: "Mwanangu, mimi nimesikia 'moo mzee' tu. Ng'ombe ameingia hewani?"

Kwenye FM ya kawaida angesikia angalau "shika" iliyojaa mkwaruzo. Kwenye dijitali, kipande kisichofika hakipo kabisa, hakiachi hata kelele. Sauti huja safi kama mtu yuko chumba cha pili, au haiji. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujafungua mdomo: kwenye mipangilio, kwenye masafa, na kwenye ile sekunde moja ya kusubiri. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni, au anayeelekea kuipata, ambaye hana ripita ya dijitali, yaani kituo kinachopokea sauti na kuirusha upya, karibu naye. Kwa wengi wetu Afrika Mashariki hali ndiyo hiyo, kwa hiyo nitapita njia ya hotispoti ndogo ya nyumbani, kifaa kinachoiunganisha redio yako na mtandao wa DMR kupitia intaneti.

Leseni kwanza, forodha pili

Tanzania unaanzia TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCC. Ukishapata leseni unapewa alama ya wito: Tanzania huanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo ya Kinshasa 9Q. Ulizia hapohapo utaratibu wa kuingiza redio nchini. Usiagize kwanza halafu ndiyo uulize, maana kifurushi kikishikiliwa forodhani gharama za kukaa pale zinaweza kuipita bei ya redio yenyewe.

Jambo moja la sheria linawagusa sana watu wa dijitali. Kanuni za kimataifa za redio zinakataza mawasiliano ya ridhaa yaliyofichwa maana yake. Redio nyingi za DMR zilibuniwa kwa ajili ya makampuni ya ulinzi na migodi, kwa hiyo zinakuja na uwezo wa kusimba sauti. Uzime, usiuguse tena. Kubadili sauti kuwa biti si kuficha, kwa sababu mfumo wenyewe umechapishwa na yeyote mwenye redio ya aina hiyo anaweza kusikiliza. Kuweka ufunguo wa siri ndilo kosa.

Kinachotokea ukibonyeza kitufe

Unaweza kuruka sehemu hii ukaongea vizuri tu, lakini siku mambo yakiharibika utairudia.

Maiki inapokea sauti yako, kisha kisimbaji cha sauti kiitwacho AMBE+2 kinaikata vipande vya milisekunde 20. Hakitumi sauti yenyewe. Kinatuma maelezo yake: wembamba au uzito wa sauti, ukali, umbo la mdomo na koo kwa wakati ule. Kila kipande kinageuka biti 49 za sauti, na biti 23 zinaongezwa za kurekebisha makosa njiani. Jumla 72. Neno "habari" likikuchukua nusu sekunde, hivyo ni vipande 25, biti 1,225 za sauti, yaani baiti 153 hivi. SMS moja ni baiti 140. Salamu yako nzima inakaribia kutosha ndani ya ujumbe mmoja wa simu ya kitochi.

Ubanaji huo una gharama yake. Kisimbaji kinajua koo la binadamu tu. Feni, upepo, jenereta la jirani au redio nyingine inayoimba nyuma yako, vyote kinajaribu kuvieleza kana kwamba ni mtu anayesema, na matokeo yake ni mlio wa roboti aliyelewa. Pia upana wa sauti ni kama wa simu, kwa hiyo "th" na "s" hukaribiana mno. Niliwahi kueleza juu ya thamani ya redio yangu ya zamani, na mwenzangu akaniuliza samani hizo nauza bei gani. Majina na namba yatamke polepole, na alama ya wito itaje kwa alfabeti ya kimataifa (Alfa, Bravo, Charlie).

DMR ikishapata biti zake inazirusha kwa zamu. Chaneli moja ya kHz 12.5 imegawanywa sloti mbili za milisekunde 30 kila moja, na wewe unatumia moja. Redio yako inarusha nusu ya muda tu, na hapo ndipo betri inapopumua. Kwenye ripita, watu wawili wanaweza kuendesha mazungumzo mawili tofauti juu ya masafa yaleyale bila kugongana.

Kwa nini DMR na si nyingine

Mifumo ni mingi na haielewani hewani. D-STAR ilitengenezwa na chama cha redio ya ridhaa cha Japani, JARL, na inamtambua mtu kwa alama yake ya wito moja kwa moja, jambo ambalo naliona la kistaarabu kuliko namba za DMR. System Fusion ya Yaesu ilikuja mwaka 2013 nayo ndiyo rahisi kuliko zote kwa mgeni: unabonyeza, unaongea. M17, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Wojciech Kaczmarski wa Poland, ni huru kuanzia juu hadi chini, pamoja na kisimbaji chake Codec 2 kilichoandikwa na David Rowe wa Australia. Moyo wangu uko M17. Ila mfuko wangu uko DMR, kwa sababu DMR ni kiwango cha ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, kinachotumiwa na viwanda vingi, na redio zake ndizo za bei nafuu na ndizo unazoweza kuzipata mitumba bila kuhangaika.

Ubaya wa DMR ni mmoja na ni mkubwa: inakutaka ujaze fomu kabla ya kusema habari. Tutaijaza pamoja.

Vifaa

Redio ya mkononi ya UHF yenye DMR Tier II. Soma maelezo ya muuzaji kwa makini, kwa sababu ziko redio za bei ya kutupa zinazojiita DMR huku zikiwa Tier I zisizo na sloti, na hizo hazitakufaa. TYT MD-UV380 inatosha kabisa. AnyTone AT-D878UV ni tamu zaidi na bei yake inajionyesha. Hakikisha kuna waya wa kuiunganisha na kompyuta.

Hotispoti yenyewe ni vitu viwili vilivyobebana: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero 2 W, na juu yake kibao cha redio cha MMDVM chenye antena fupi kama kidole. Nguvu yake ni kama miliwati 10, inatosha nyumba na uwanja. Chukua ya antena moja. Ile ya antena mbili inaweza sloti zote mbili kwa wakati mmoja, lakini ina masafa mawili ya kupanga na kichwa cha mgeni kina mzigo wa kutosha.

Ongeza memori kadi ya GB 8 au 16 ya jina linaloaminika, chaja nzuri ya volti 5, na pawabenki kwa siku za mgao. Intaneti itatoka kwenye simu yako. Usiogope bando: nimepiga hesabu ya paketi za DMR na saa nzima ya sauti mfululizo ni takriban MB 5. Video moja ya WhatsApp ya harusi ya binamu inakula kuliko hiyo.

Namba yako

Kila mtumiaji wa DMR ana namba ya tarakimu saba, inayotolewa bure kwenye radioid.net. Utaambatisha nakala ya leseni, kisha unasubiri mtu aihakiki. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: Tanzania 640, Kenya 639, Uganda 641, Burundi 642, Rwanda 635, Kongo ya Kinshasa 630. Ni zilezile ambazo mitandao ya simu inazitumia ndani ya laini yako.

Namba moja inatosha kwa redio zako zote. Hotispoti inaazima hiyohiyo na kuongezewa mkia wa 01, ikawa tarakimu tisa. Usianze hatua inayofuata kabla namba haijatoka. Nimeona watu wakijitungia namba "kwa muda tu", halafu mtandao unawakataa na wao wanalaumu antena.

Ukishaipata, jisajili pia kwenye tovuti ya BrandMeister, mtandao unaounganisha ripita na hotispoti duniani. Ndani ya akaunti kuna mahali pa kuweka nenosiri la hotispoti. Hilo si nenosiri la kuingilia tovuti, ni lingine. Liandike kwenye daftari.

Kuandaa hotispoti

Programu nitakayotumia ni Pi-Star, ya Andy Taylor wa Wales, ambayo ndani yake inaendesha kazi ya Jonathan Naylor aliyeandika MMDVM, programu inayokiendesha kile kibao cha redio. Pakua faili lake, liandike kwenye memori kadi kwa Raspberry Pi Imager, ichomeke kadi, kisha washa umeme. Antena iwe imefungwa kabla ya kuwasha, kila mara.

Subiri dakika kadhaa bila kugusa kitu. Kwenye orodha ya WiFi ya simu utaona jina jipya, Pi-Star-Setup. Nenosiri lake ni raspberry. Ingia, fungua kivinjari, andika pi-star.local, kisha ingia kwa jina pi-star na nenosiri raspberry. Jina hilo lisipoonekana, tovuti ya Pi-Star ina zana ya kukutengenezea faili dogo la WiFi: unalinakili kwenye kadi ukitumia kompyuta, unairudisha kadi, unawasha upya.

Kwenye ukurasa wa WiFi weka jina na nenosiri la mtandao wa simu yako. Hapa wengi hukwama. Pi Zero 2 W inajua GHz 2.4 tu, na simu nyingi za siku hizi hugawa intaneti kwa GHz 5. Hotispoti haitakuambia chochote, itakaa kimya kama mgeni asiyejua lugha. Ingia kwenye mipangilio ya simu, lazimisha 2.4, ndipo wataonana.

Sasa ukurasa wa mipangilio. Chagua MMDVMHost, chagua Simplex (kupokea na kurusha kwa masafa yaleyale), jaza alama ya wito na namba yako ya DMR. Kwenye aina ya modemu chagua inayolingana na kibao chako. Vibao vingi vidogo hukubali ile ya MMDVM_HS iliyoandikwa Raspberry Pi Hat. Washa DMR peke yake, mifumo mingine yote iache imezimwa. Chagua seva ya BrandMeister, weka lile nenosiri la daftarini. Color Code iwe 1. Node Type iwe Private, ili namba yako tu ndiyo ikubaliwe. Kisha badili nenosiri la raspberry, kwa sababu dunia nzima inalijua.

Masafa nimeyaacha mwisho kwa makusudi. Pi-Star huja na 438.800 MHz. Kwa mfano wetu nitaitumia hiyo, lakini wewe angalia mpango wa masafa wa nchi yako na kilichoandikwa kwenye leseni. Popote utakapokwenda, usikae kati ya 435 na 438 wala kati ya 145.8 na 146, hapo ni mahali pa satelaiti. Miliwati 10 zako hazionekani kitu, lakini redio yako ya mkononi yenye wati 5 inayoiita hotispoti inaweza kumvurugia mtu anayehangaika kusikia satelaiti inayopita juu ya kichwa chake kwa dakika kumi tu.

Pi-Star ina sifa moja nzuri kwa wakaaji wa nchi za umeme wa kusuasua. Ikishawaka, hufunga memori kadi isiandikwe. Umeme ukikatika ghafla kadi haiharibiki kirahisi. Yangu imekatikiwa mara nyingi na bado inaamka.

Fomu yenyewe: chaneli moja, uwanja kwa uwanja

Faili la mipangilio ya redio wenyeji wa DMR huliita kodiplagi. Mtandaoni utapata kodiplagi za wenzako zenye chaneli mia nne. Usiziweke. Utapotea kama mtu aliyekabidhiwa funguo za hoteli nzima. Tengeneza yako ya chaneli nne, utaielewa.

Kwanza kabisa, kwenye mipangilio ya jumla, andika namba yako ya DMR na alama ya wito. Halafu ingia kwenye orodha ya anwani, utengeneze hizi: 9990, aina yake Private Call, hii ni kasuku anayekurudishia sauti yako; 91, aina yake Group Call, kundi (yaani chumba cha mazungumzo cha mtandaoni) la dunia nzima; 4000, ya kukata kundi ulilojiunga nalo; na ya nne kundi unalolitaka, mathalani 235 la Uingereza au 3100 la Marekani kama una ndugu huko wenye leseni.

Sasa chaneli. Aina, dijitali. Masafa ya kupokea 438.800, ya kurusha 438.800. Nguvu, ya chini kabisa. Color Code, 1. Ni namba kati ya 0 na 15 inayofanya kazi ya ufunguo wa geti: yako na ya hotispoti zisipofanana hakuna anayeingia. Sloti, 2. Contact, chagua anwani ya chaneli hiyo, kasuku kwenye ya kwanza, 91 kwenye ya pili, 4000 kwenye ya tatu, na kundi lako kwenye ya nne. Ruhusa ya kurusha, yaani Admit Criteria, iweke Always kwa sasa.

Umebaki uwanja mmoja, nao ulinila wikendi mbili nzima. Unaitwa RX Group List. Contact inaamua unarusha kwenda wapi. RX Group List inaamua unasikia nini. Ni vitu viwili tofauti. Mimi niliijaza Contact vizuri nikaiacha orodha tupu: nikabonyeza, taa ya hotispoti ikawaka, jina langu likatokea mtandaoni, watu wakanijibu, na mimi sikusikia hata neno moja. Niliona majina yao yakipita kwenye skrini ya kompyuta kama mtu anayetazama sherehe kupitia kioo. Nikabadili antena. Nikahama chumba. Nikafungua redio. Mwisho nikatengeneza orodha yenye 91, nikaichagua kwenye chaneli, na sauti ikamwagika. Basi tengeneza orodha moja, ingiza humo makundi yote unayoyatumia, na iweke kwenye kila chaneli.

Andika kodiplagi kwenye redio. Hifadhi nakala kwenye kompyuta, ipe jina lenye tarehe.

Kasuku, na ile sekunde moja

Chagua chaneli ya 9990. Simama mita tatu au nne kutoka kwenye hotispoti. Ukiikaribia mno, wati za redio yako zinaizamisha na utasikika vibaya kuliko mtu aliye nje ya geti.

Bonyeza PTT. Sema kimoyomoyo "moja". Ndipo uongee. Ukimaliza, hesabu nusu sekunde kabla ya kuachia. Kasuku atakurudishia ulichosema. Ukisikia mwanzo umekatwa, wewe ndiye uliyewahi.

Jaribu maiki kwa umbali tofauti. Kwangu, upana wa vidole vinne kutoka mdomoni, maiki ikiwa pembeni kidogo isipigwe na pumzi, ndiyo sauti bora. Ongea kwa sauti ya mezani. Ukipaza, kisimbaji kinachanganyikiwa. Sauti ikisikika ndogo, ongeza kiwango cha maiki kwenye mipangilio hatua moja moja, rudi kwa kasuku. Zima feni.

Kulinganisha masafa

Hatua hii watu wengi huiruka, kisha wanakaa miaka wakisikika kama wako ndani ya pipa. Kristali ya kibao chako, kile kipande kinachopima masafa, inaposema 438.800 inaweza kuwa imekosea kidogo. Kosa la sehemu moja tu kwa milioni, kwenye masafa haya, ni Hz 439. Sikio la FM halitajali. DMR itajali.

Fungua dashibodi ya Pi-Star. Rusha kwa kasuku sekunde ishirini ukisoma chochote, mimi husoma maandishi ya pakiti ya majani ya chai. Dashibodi itaonyesha BER, asilimia ya biti zilizofika na makosa. Ikiwa chini ya 1, uko salama. Ikiwa 3 au 5, ingia upande wa wataalamu (Expert), kwenye MMDVMHost, utafute RXOffset. Weka 100, rusha tena, andika BER. Weka 200. Kisha jaribu upande wa hasi. Utaona namba inashuka, inafika chini, inaanza kupanda. Chukua ya katikati ya bonde hilo. Mara nyingi TXOffset inafaa iwe ileile, kwa sababu kristali ni moja.

Fanya kazi hii hotispoti ikiwa imewaka robo saa, imepata joto lake. Yangu ilikuwa imekaa karibu na bati, na thamani niliyoipata alfajiri haikunifaa mchana. Niliishusha kwenye kabati la vitabu.

Kuingia kwenye mazungumzo

Sikiliza kwanza. Ukirusha mara moja kwenye 91, mtandao unakuunganisha na kundi hilo. Usiifunge 91 iwe ya kudumu kwenye hotispoti ya antena moja. Kundi la dunia halilali. Hotispoti inayopokea haiwezi kukusikia, na hata ile 4000 ya kukata haitapita mpaka pawe na mwanya. Utaishia kuchomoa waya.

Ukiona mwanya, bonyeza, hesabu moja, taja alama yako ya wito, kundi, na mahali. "5H3, kisha herufi zako, kutoka Tanga, nipo tisa moja, nasikiliza." Kiingereza ndicho utakachokisikia zaidi pale, lakini hakuna sheria inayokutaka ukitumie. Mkikubaliana na mtu kuongea kirefu, hameni 91, nendeni kundi jingine. Ile ni njia panda.

Kati ya mzungumzaji na mzungumzaji acha sekunde mbili au tatu tupu. Ukidaka tu mwenzako anapoachia, mtu wa tatu hataweza kuingia, na mtandao wenyewe unahitaji kupumua. Salamu zetu ndefu zina nafasi yake hapa, ila zipange: "Shikamoo mzee, habari za nyumbani, za kazi, na za huko" zote kwa mbonyezo mmoja, si kila moja na mbonyezo wake. Yule mzee wa "moo" alinifundisha hivyo. Naye hujibu yote kwa pumzi moja: "Marahaba mwanangu, sote wazima, karibu."

Miadi ya redio hupangwa kwa UTC, saa moja ya dunia nzima. Hesabu yake kwa Mswahili ni tamu: ongeza tatu upate saa ya Afrika Mashariki, kisha toa sita, au ongeza sita kama ni kabla ya 07:00, upate saa yetu; jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. 18:00 UTC ni 21:00 hapa, yaani saa tatu usiku. Wikendi ya tatu ya Oktoba maskauti duniani huwa hewani kwa JOTA, mkutano wao wa redio, na kundi 907 ni lao. Ukiwa na vijana wa skauti mtaani, waweke maiki mbele yao ukiwa umewasimamia. Hakuna tangazo la redio ya ridhaa linaloshinda mtoto aliyesikia jina lake likitajwa kutoka bara jingine.

Ukikwama

Skrini ya redio inaonyesha kuna mtu lakini spika kimya: RX Group List, halafu sloti, halafu Color Code, kwa mpangilio huo.

Unabonyeza, redio inalia na kukataa kurusha: Admit Criteria haiko Always, au chaneli imefungwa kurusha.

Hotispoti inakuona, mtandao haukuoni: namba ya DMR imekosewa tarakimu moja, au umeweka nenosiri la tovuti badala ya la hotispoti. Kama vyote ni sawa, tazama bando.

Kila kitu kilikuwa kizuri jana na leo ni roboti: ulipita karibu na hotispoti ukiwa na nguvu ya juu, au kifaa kipya cha umeme kimewekwa jirani. Chaja za bei poa ni maadui wakubwa. Nilinunua moja iliyopiga kelele UHF nzima hadi nikaipeleka kwa mtoto wa dada yangu akaifanyie kazi ya simu.

Bila intaneti

Ukishaizoea hotispoti, ongeza chaneli ya tano: masafa mengine, simpleksi, Color Code na sloti mliyokubaliana na mwenzako, nguvu ya juu, na usiweke seva wala WiFi popote. Mpeleke mwenzako upande wa pili wa mji, nawe panda mahali palipoinuka. Anza kwa FM, mkisikilizana polepole anavyozidi kwenda mbali, mkwaruzo ukiongezeka. Kisha rudieni safari ileile kwa DMR. Utasikia sauti safi, safi, bado safi, kisha vipande viwili vya roboti, kisha hakuna kitu. Weka alama kwenye ramani mahali ambapo kila mmoja ulikatika. Mimi na jirani yangu tulitumia Jumapili nzima na pikipiki moja kufanya hivyo, na ramani ile iko ukutani hadi leo. Kwa masafa mafupi ya HF, wale wenye redio za SSB, aina ya urushaji wa sauti inayotumika huko, wanaweza kuendelea na FreeDV, mfumo mwingine wa sauti ya dijitali, ambao una namna moja inayobana sauti hadi biti 700 kwa sekunde na kuipitisha kwenye chaneli ya kawaida ya SSB. Utahitaji kompyuta, waya wa sauti na subira. Chini ya MHz 10 tumia LSB (upande wa chini wa SSB), juu yake USB (upande wa juu, si ile ya waya wa kompyuta), na kabla ya kurusha punguza nguvu, kwa sababu ishara hiyo haipumziki kama sauti ya mtu na kikuza mawimbi cha redio yako kitapata joto upesi kuliko ulivyozoea.